Kazi ya mikopo ughaibuni, mgonjwa nyumbani: Kwa nini pesa pekee hazitoshi

MIONGONI mwa Wakenya wanaojitafutia riziki nje ya nchi, kuna kundi ambalo halitajwi sana. Hawa si wauguzi walioajiriwa Uingereza wala wafanyakazi wa nyumbani walio Uarabuni. Ni maafisa na mameneja wa mikopo midogo midogo wanaofanya kazi Juba, Kampala, Kigali, Dar es Salaam na katika miji mingine ya kanda hii.

Kila wiki maafisa hao huketi na vikundi vya wafanyabiashara wadogo, wengi wao wakiwa wanawake, wakihesabu fedha zilizorejeshwa na kusikiliza sababu za waliochelewa. Sababu moja husikika kila mahali, iwe sokoni au mashambani: mtoto alilazwa, mume aliumwa, mama mzazi alihitaji kupasuliwa, na mtaji ukaishia hospitalini.

Kinaya ni kwamba afisa anayeyajua haya yote aghalabu hajajiandaa siku simu itakapomfikia yeye mwenyewe kutoka nyumbani. Huamini kwamba madhali ana mshahara mzuri, lolote litakalotokea litalipiwa. Hata hivyo, ugonjwa wa mzazi, mwenzi au mtoto hudai mambo matatu kwa pamoja: fedha, mtu mwenye mamlaka ya kuamua, na muda. Aliye ughaibuni mara nyingi huwa na la kwanza tu.

Taaluma iliyovuka mipaka

Si ajabu kwamba Wakenya wanatafutwa katika sekta hii. Shirika la Kenya Women Finance Trust lilianzishwa mwaka wa 1981. K-Rep ilianza mwaka wa 1984 na kupata leseni ya benki mwaka wa 1999. Bunge lilipitisha sheria ya taasisi za mikopo midogo mwaka wa 2006, na mwaka wa 2009 Faulu ikawa ya kwanza kupewa leseni ya kupokea amana za wateja chini ya sheria hiyo. Kwa hivyo, kizazi kizima cha vijana kilijifunza kazi hii humu nchini kabla ya majirani wengi kuikuza.

Benki za Kenya nazo zilipopanua shughuli zao, ziliwabeba wataalamu wake. KCB ilifungua milango Sudan Kusini mwaka wa 2006, Uganda mwaka wa 2007 na Rwanda mwaka wa 2008. Benki ya Equity ilifuata mkondo huo huo.

Wakati uo huo, wageni walikuja upande huu. BRAC, shirika lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed nchini Bangladesh mwaka wa 1972, liliingia Tanzania na Uganda mwaka wa 2006 likiwa na mameneja kutoka kwao. Hivyo basi, hofu inayomkosesha usingizi meneja Mkenya aliye Juba ndiyo ile ile inayomkosesha usingizi meneja Mbangladeshi aliye Tanzania, ambaye mama yake yuko safari ya ndege zaidi ya moja kutoka alipo.

Kumtenga mfanyakazi na kwao si jambo jipya katika taaluma hii. Taasisi nyingi hazipendi kumweka afisa katika eneo alikozaliwa, kwa kuwa jamaa na marafiki wanaweza kumshinikiza awapatie mikopo au afumbie macho malimbikizo yao. Kwenda nchi nyingine kumeurefusha tu umbali ambao kanuni hiyo ilikwisha kuuweka.

Kazi isiyoachika ghafla

Umbali wenyewe ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili imo ndani ya kazi yenyewe.

Mikopo midogo huendeshwa kwa ratiba isiyosubiri. Kikundi cha Jumatatu hukutana Jumatatu, cha Jumanne hukutana Jumanne. Afisa mmoja huweza kuwa na mamia ya wateja, na kazi yake hupimwa kwa kiwango cha mikopo iliyochelewa kulipwa, hasa ile iliyopitisha siku 30. Akikosekana kwa wiki mbili, baadhi ya vikundi hulegea, kwa sababu wateja humlipa mtu wanayemfahamu na kumheshimu kabla ya kuilipa taasisi. Atakaporudi atakuta malimbikizo, na takwimu hizo zitaandikwa kwa jina lake.

Isitoshe, kazi hii inahusu fedha za watu. Katika sekta ya fedha, likizo iliyopangwa ni njia mojawapo ya udhibiti: mfanyakazi huondoka, mwingine hushika nafasi yake, na iwapo kuna udanganyifu katika vitabu, hugunduliwa. Hata hivyo, kuondoka kwa ghafla ni jambo tofauti. Kunahitaji makabidhiano ya funguo, nywila na orodha za wateja, na pengine ukaguzi wa haraka. Meneja anayepokea habari mbaya usiku hawezi kufunga ofisi asubuhi na kupanda basi.

Kwa wageni kuna fundo jingine. Kibali cha kufanya kazi kwa kawaida hufungamana na mwajiri. Anayeacha kazi ili akamuuguze mzazi huweza kupoteza mshahara, kibali na haki ya kuendelea kuishi nchini humo, yote kwa barua moja.

Sheria inasemaje?

Wengi hudhani kwamba sheria za kazi huwapa haki ya kwenda kumwona mgonjwa wao. Ukweli ni kwamba ulinzi huo ni mdogo.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi angalau siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Likizo ya ugonjwa inayotajwa katika sheria hiyo ni ya mfanyakazi mwenyewe anapougua, si ya kumwuguza jamaa. Likizo ya dharura ya kifamilia huachiwa mkataba na sera za mwajiri.

Aidha, anayeajiriwa nje huongozwa kwanza na sheria za nchi anakofanyia kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ilivyotungwa mwaka wa 2004, ilitoa angalau siku nne zenye malipo katika kila mzunguko wa likizo kwa sababu ya ugonjwa au kifo cha mtoto wa mfanyakazi, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Msomaji makini ataona pengo lililopo: mtoto anayeugua ametajwa, lakini mzazi anayeugua anatajwa tu baada ya kufariki.

Hata siku hizo nne ni chache kwa aliye mbali. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Kisumu humaliza siku nzima na zaidi, na kurudi vivyo hivyo. Zinazobaki hazitoshi hata kusubiri majibu ya vipimo.

Nafuu ipo katika usafiri wenyewe. Tangu mwaka wa 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa vitambulisho vya kitaifa. Anayefanya kazi Kampala au Kigali anaweza kuondoka usiku ule ule bila kuhangaikia pasipoti. Hata hivyo, anahitaji ruhusa ya mwajiri, na ruhusa hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi iwapo iliandikwa katika mkataba kabla ya kusainiwa.

Jinsi ugonjwa unavyokula mtaji

Mwaka wa 2004, watafiti wakiongozwa na Anirudh Krishna, msomi wa Chuo Kikuu cha Duke, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji 20 vya magharibi mwa Kenya. Waliuliza swali jepesi: ni familia zipi zilizotoka katika umaskini, zipi zilizotumbukia humo, na kwa nini? Ugonjwa na gharama za matibabu ulijitokeza kuwa miongoni mwa sababu kuu za familia kutumbukia katika umaskini, pamoja na gharama kubwa za mazishi.

Njia ya kuporomoka huko inafahamika. Kwanza hutumika akiba, kisha huuzwa kuku na mbuzi. Baadaye huja mkopo, ng'ombe wa maziwa na hatimaye kipande cha shamba. Katika kila hatua familia hupoteza kitu ambacho kingeiwezesha kulipa deni la hatua inayofuata.

Familia yenye mtoto ughaibuni huruka hatua za mwanzo, kwa maana kuna mtu wa kupigiwa simu. Benki Kuu ya Kenya ilirekodi zaidi ya dola bilioni 4.9 zilizotumwa nchini na Wakenya walio nje mwaka wa 2024. Nazo huduma za kutuma pesa kwa simu, zilizoanza na M-Pesa mwezi Machi 2007, zimefanya msaada ufike kwa dakika chache.

Ila wepesi huo una hatari yake. Fedha zinazotumwa kila zinapoombwa hazina mpango. Leo ni za vipimo, kesho za dawa, keshokutwa za gari la kumrudisha mgonjwa. Gharama ya kutuma nayo haipuuziki. Benki ya Dunia imekuwa ikieleza kwamba kutuma dola 200 kuja nchi za Afrika kusini mwa Sahara hugharimu wastani wa karibu asilimia 8, ilhali lengo la kimataifa ni kuishusha hadi chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka wa 2030. Anayetuma kidogo kidogo mara kumi aghalabu hukatwa zaidi ya anayetuma mara moja kwa mpango.

Magonjwa ya kudumu ndiyo hudhihirisha udhaifu wa mtindo huo. Mathalan, mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki huenda hospitalini mara 104 kwa mwaka. Hata bima ikilipia matibabu yote, nauli hubaki. Iwapo kwenda na kurudi ni Sh500, hizo ni Sh52,000 kwa mwaka, na kwa kuwa mgonjwa dhaifu hasafiri peke yake, jumla hufika Sh104,000. Hakuna bili ya hospitali itakayoonyesha kiasi hicho.

Bima ya mzazi si ya mwana

Kosa jingine linalojitokeza mara kwa mara linahusu bima ya afya ya umma. Hazina ya kitaifa ya bima ya hospitali, NHIF, iliyoanzishwa mwaka wa 1966, ilifungwa na nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 1, 2024. Wenye mishahara nchini hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Wasio na mishahara hukadiriwa kulingana na uwezo wa kaya, mchango wa chini kabisa ukiwa Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa wa mwaka mzima.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mzazi hahesabiwi kuwa mtegemezi wa mwanawe aliye mtu mzima. Mama mjane kijijini ni kaya inayojitegemea. Ni lazima asajiliwe kwa jina lake, akadiriwe na kulipiwa mchango wake. Wapo wanaotuma maelfu ya shilingi kila mwezi kwa matumizi ya nyumbani, lakini mchango wa mwaka wa mzazi haujalipwa, na ukweli huo hujulikana mapokezini mgonjwa akiwa katika hali mahututi.

Afisa wa mikopo hana udhuru hapa. Kila siku huwaeleza wateja wake umuhimu wa kulipia bima kabla ya janga. Anachohitaji ni kuiuliza familia yake maswali yale yale anayomwuliza mteja kabla ya kumpa mkopo: nani amesajiliwa, mchango uliolipwa unaisha lini, na risiti iko wapi?

Nani atakayeamua?

Pesa zikishapatikana, linafuata swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kutuma fedha. Daktari anataka kupasua leo. Mgonjwa hajiwezi. Ndugu mmoja anakubali, wa pili anataka ahamishwe hospitali nyingine, na wa tatu, ambaye ndiye mlipaji, yuko Juba na mtandao wa simu unakatika.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inatoa mwongozo. Mgonjwa asiyeweza kutoa idhini anaweza kutolewa idhini na mtu aliyempa mamlaka hayo mwenyewe, au aliyeruhusiwa na sheria au amri ya mahakama. Pasipo mtu kama huyo, jamaa wa karibu ndiye huombwa idhini. Maana yake ni kwamba mzazi akiwa bado na akili timamu anaweza kuteua na kuandika nani atamwakilisha. Familia zinazofanya hivyo hujiepusha na mabishano kando ya kitanda cha mgonjwa.

Wengi hukwepa mazungumzo hayo kwa kuhofia kuonekana wanamtabiria mzazi kifo. Wazazi nao huficha. "Usimwambie, atashtuka na kuacha kazi," mama huwaonya walio nyumbani, na sukari au shinikizo la damu hupanda kimya kimya hadi siku anapoanguka. Wahenga waliliona hili waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Aliye mbali huishia kupata habari akiwa amechelewa kuwa na msaada wowote ila nauli ya kwenda kuzika.

Njia ya kuepuka hali hiyo ni kumteua mtu mmoja nyumbani awe ndiye anayetoa taarifa, siku maalumu kila wiki, iwe kuna jipya au hakuna. Simu inayopigwa kila Jumapili haimshtui mtu.

Daftari ambalo halijaandikwa

Kuna upande wa suala hili unaosahaulika kila mara. Katika familia nyingi, anayetuma pesa hujulikana na kusifiwa. Anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kumpikia uji na kumpeleka kliniki hatajwi. Aghalabu mtu huyo ni binti au mkaza mwana ambaye amefunga kibanda chake sokoni ili kuifanya kazi hiyo.

Afisa wa mikopo anapaswa kuwa wa kwanza kulitambua hili, kwa kuwa katika kazi yake huona biashara za wanawake zikifa kwa sababu hiyo hasa. Mteja huyo hakushindwa na biashara. Alikosa saa za kuifanya kwa kuwa alikuwa akiuguza. Ikiwa aliye ughaibuni analipa hospitali lakini dada yake amepoteza kipato, familia haijaokoa chochote. Imehamisha hasara kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Ndiyo maana ni haki anayeuguza apewe malipo ya kila mwezi yaliyokubaliwa, tofauti na pesa za mgonjwa, au ajiriwe msaidizi ili yeye arudi sokoni. Malipo hayo si zawadi. Ni sehemu ya gharama ya matibabu kama zilivyo dawa.

Fundisho kutoka vikundi vya akiba

Mbinu ya kujipanga haihitaji kubuniwa upya. Vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana vijijini, mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka wa 1991 na ambao sasa umeenea Afrika Mashariki, huwa na mifuko miwili. Mmoja ni wa akiba na mikopo. Wa pili ni mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama huuchangia kiasi kidogo kila mkutano, na hutumika kwa dharura kama vile ugonjwa na msiba. Mifuko hiyo haichanganywi, na kila mchango hutajwa mbele ya wote.

Familia yenye watu ughaibuni inaweza kufanya vivyo hivyo. Kila ndugu atoe kadiri ya uwezo wake, hata aliye na Sh200 tu, ili mgonjwa awe wa wote na si mradi wa mmoja. Mfuko huo uwe na akaunti yake na watia saini wawili walio nyumbani, na hesabu zisomwe kila mwezi. Ukiwa na akiba ya kutosha kwa siku za kwanza za kulazwa, aliye mbali hupata nafasi ya kukabidhi kazi kwa utaratibu badala ya kukimbia.

Kwa upande wake, mfanyakazi anapaswa kuuliza mambo manne kabla ya kusaini mkataba wa kwenda nje: siku ngapi za dharura ya kifamilia zinatolewa, ni jamaa gani wanaohesabiwa, nani atalipa nauli, na nani atashika nafasi yake. Waajiri nao wana sababu ya kujibu vyema. Meneja aliyezuiwa kwenda kumwona mama yake hafanyi kazi vizuri. Hukaa ofisini mwili ukiwa hapo na moyo ukiwa wodini, na mikopo mibaya huidhinishwa siku kama hizo.

Ipo pia siku ambayo hesabu zote huelekeza upande mmoja, nayo ni siku ya kurudi. Mgonjwa akiwa hana miezi mingi, hakuna mfuko wala mwakilishi anayeweza kuchukua nafasi ya mwana au mwenzi. Uamuzi huo huwa mwepesi kidogo kwa aliyejiwekea akiba ya miezi kadhaa, akaondoka kwa kufuata taratibu na kuacha vitabu vikiwa safi, maana taaluma hii ni ndogo na waajiri huulizana.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wahenga. Aliye Juba au Kigali hawezi kuirefusha fimbo yake ikafika kijijini, lakini anaweza kuhakikisha kwamba aliye karibu na nyoka ameshika fimbo imara. Kazi ya kwanza, inayoweza kufanyika kabla ya wiki hii kwisha, ni kupiga simu nyumbani na kuuliza iwapo mchango wa bima wa mzazi umelipwa.